Vepawevu au ambienti: upi ni muziki wa jioni ya Dar es Salaam?

Mtu anayetafuta muziki wa taratibu wa vinanda vya umeme, wa kusikiliza baada ya kazi akiwa amejinyoosha chini ya feni, hachukui muda mrefu kabla ya kufika njia panda. Upande mmoja kuna ambienti, muziki wa sauti ndefu zinazoelea bila mdundo, ambao jina lake lina zaidi ya miaka 40. Upande wa pili kuna ule ambao mtandaoni huandikwa vaporwave, nami hapa nitauita vepawevu, uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kutokana na nyimbo na matangazo ya zamani yaliyopunguzwa kasi. Programu za kusikilizia muziki huzitia aina hizi mbili kwenye kapu moja la kutuliza akili, na kwa kuwa zote mbili hazina haraka, msikilizaji mgeni hudhani kwamba tofauti yake ni ya majina tu. Nimezisikiliza zote kwa miaka kadhaa katika chumba cha kupanga Sinza, kwenye mabasi ya mwendokasi na kwenye pantoni la Kigamboni, na maoni yangu ni kwamba kwa mkazi wa jiji hili mambo mawili ndiyo yanayoamua uchaguzi: kelele zinazokuzunguka, na kumbukumbu unazotaka ziguswe.

Njia ya mkato ya kumweleza mtu aliyekua enzi za kaseti vepawevu ni nini ni kumkumbusha redio kaseti ambayo betri zake zinaelekea kuisha. Mwimbaji aliyeanza wimbo akiwa kijana anaumaliza akiwa mzee. Gitaa linalegea kama kamba ya nguo iliyolowa. Ngoma zinaburura miguu. Nyumbani kwetu dawa yake ilikuwa kuzitoa betri na kuzianika juani juu ya bati, na jioni wimbo ulirudi kwenye mwendo wake, walau kwa muda. Sasa chukua ile hali ya betri kuisha, iongezee mwangwi mwingi kana kwamba redio inalia ndani ya ukumbi mtupu, kata kipande cha sekunde nane na ukirudie mpaka maneno yapoteze maana, na utakuwa umeifahamu vepawevu kuliko wengi wanaoiandikia makala ndefu.

Hesabu yake si ngumu. Sauti iliyorekodiwa ikichezwa kwa nusu ya kasi hushuka oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini yake, na santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ikiwekwa kwenye mizunguko 33 hubaki na takriban asilimia 74 ya mwendo wake, kiasi kwamba wimbo wa dakika 3 hufika dakika 4 hivi, huku sauti zote zikishuka kwa karibu nusu-toni tano, yaani hatua tano ndogo za vibonye vya kinanda. Ndiyo maana mwanamke mwenye sauti nyembamba hugeuka kuwa kiumbe asiyeeleweka ni mwanamke au mwanamume, na hapo ndipo ulipo ule mguso wa ajabu wa muziki huu: unaujua wimbo, lakini wimbo haukujui.

Mbinu yenyewe haikuanzia hapo. Katika miaka ya 1990, mjini Houston, Marekani, DJ Screw alikuwa akirekodi kaseti za hip hop zilizopunguzwa kasi mpaka sauti zikawa nzito kama za watu waliolemewa na usingizi. Walichoongeza watu wa vepawevu ni uteuzi wa malighafi: muziki laini wa redioni wa miaka ya 1980, muziki wa kumsubirisha mteja kwenye simu, matangazo ya kompyuta na ya bidhaa ambazo hazipo tena sokoni. Mwaka 2010 Daniel Lopatin, mwanamuziki wa Marekani, akijificha nyuma ya jina la Chuck Person, alitoa kaseti ya vipande vifupi vya nyimbo maarufu vilivyokatwa, kupunguzwa kasi na kurudiwarudiwa. Desemba 2011 Ramona Andra Xavier, Mmarekani mwenye majina mengi ya kisanii, akatoa kwa jina la Macintosh Plus albamu iitwayo Floral Shoppe, ambayo hadi leo ndiyo mlango wanaoingilia wengi. Wimbo wake unaojulikana zaidi umejengwa juu ya wimbo wa Diana Ross wa mwaka 1984. Ningemshauri mgeni ausikilize kwanza ule wa asili, ambao ni wimbo wa kuchezwa, wenye tabasamu, kisha ahamie kwenye huu wa pili. Atakuta tabasamu ni lile lile, ila limeganda usoni muda mrefu mno.

Ambienti ina nasaba nyingine kabisa, na kisa cha kuzaliwa kwake kilinigusa kwa sababu ya hedifoni mbovu. Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, ameeleza kwamba mapema mwaka 1975, akiwa kitandani baada ya kugongwa na gari, alitembelewa na rafiki aliyemletea santuri ya muziki wa kinubi. Alipokwisha kuondoka, Eno aliiweka santuri icheze, akajilaza kwa taabu, na ndipo alipogundua kwamba sauti iko chini mno na spika moja haifanyi kazi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka kurekebisha. Akabaki kuusikiliza muziki ulivyo, ukichanganyika na mvua ya nje, na akatambua kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya mazingira kama ulivyo mwanga wa dirishani.

Nilikisoma kisa hicho wiki ile ile ambayo hedifoni nilizonunua Kariakoo zilinyamaza upande wa kushoto. Sikurudi dukani, kwa kuwa jibu nililijua: ulijaribu hapa hapa ikalia, kaka. Nikaendelea kuzitumia kwa sikio moja karibu miezi miwili, na bila kukusudia nikapata jaribio zuri la kulinganisha aina hizi mbili. Vepawevu iliharibika vibaya sana, kwa sababu mwangwi wake na vionjo vyake hutegemea kuzunguka kutoka sikio hadi sikio, na ukikosa upande mmoja unabaki na wimbo wa zamani uliochoka. Ambienti haikujali. Sikio la kushoto lilisikia jenereta ya jirani, la kulia likasikia kinanda, na viwili hivyo vikaishi pamoja kwa amani ambayo sikuitarajia.

Hilo linanileta kwenye suala la kelele, ambalo kwa Dar es Salaam si dogo. Albamu ambayo Eno aliipa rasmi jina la ambienti ilitoka mwaka 1978 na ilitungwa kwa ajili ya viwanja vya ndege, yaani kwa mahali penye matangazo ya vipaza sauti, magurudumu ya mizigo na watoto wanaolia. Alitaka muziki ambao mtu anaweza kuusikiliza kwa makini au kuupuuza, na ambao haukosani na chochote kinachosikika juu yake. Katika sehemu moja ya kazi hiyo alitumia vitanzi vya utepe, yaani vipande vya tepu vilivyounganishwa ncha kwa ncha ili vijirudie, vyenye urefu tofauti, kila kimoja kikiwa na noti moja iliyoimbwa. Kimoja kilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, kingine karibu 26, kingine karibu 30, na kwa kuwa vipimo hivyo havigawanyiki sawasawa, noti hazikutani kwa mpangilio ule ule. Matokeo yake ni muziki wenye mapengo. Katika mapengo hayo ndimo Sinza inapoingia: adhana ya alfajiri, honi ya bajaji, mtu anayemwita muuza maji, muziki wa baa ya jirani ukipita juu ya ukuta. Muziki uliojaa kila pembe hupigana na sauti hizo na kushindwa. Ambienti huziachia nafasi.

Vepawevu, kwa upande wake, haivumilii mtu wa tatu. Uzito wake upo kwenye besi, kwa sababu ukishaushusha wimbo wote, hata sauti za juu hushuka na kukaa mahali ambapo spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuzitoa. Ukiicheza kwenye simu iliyowekwa juu ya meza utasikia mvumo tu, kama redio ya nyumba ya nne. Inahitaji hedifoni zilizo salama pande zote mbili, au spika yenye kifua, na spika yenye kifua katika nyumba za kupanga ni chanzo cha mazungumzo. Nakumbuka jioni moja bibi mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu akiwa na beseni la nguo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo redio yako betri zimekwisha. Kazianike.”

“Betri ni nzima, bibi. Ndivyo muziki wenyewe ulivyo.”

Akasikiliza kidogo. “Basi huyo anayeimba anaumwa,” akasema, akaenda zake kuanua nguo.

Kwa hiyo, kwa upande wa mazingira, uamuzi wangu hauna kigugumizi: anayesikiliza kwa spika ndani ya nyumba ya watu wengi achukue ambienti, tena kwa sauti ndogo kuliko anavyodhani inafaa, mpaka ilingane na feni. Anayesafiri achukue vepawevu. Kwenye mwendokasi kutoka Shekilango kwenda Kivukoni saa moja jioni, ukiwa umebanwa dirishani na hedifoni masikioni, taa za Magomeni na za kituo cha Fire zikipita polepole kuliko mdundo unavyotaka, muziki huo hupata mwili ambao chumbani haukuwa nao. Ambienti katika basi lile hupotea, kwa kuwa mngurumo wa injini huimeza yote.

Suala la kumbukumbu ni gumu zaidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba vepawevu ni muziki wa kila mtu aliyezaliwa kabla ya simu za kupangusa. Vepawevu hula kumbukumbu za jamii fulani: Marekani na Japani za miaka ya 1980, televisheni iliyowashwa sebuleni mchana kutwa, maduka makubwa yenye chemchemi za maji katikati. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtu wa rika langu aliyekulia Temeke hana tangazo la kompyuta la mwaka 1985 la kulilia. Anaposikiliza vepawevu anaazima hamu ya watu wengine, na sisemi hivyo kwa kuibeza, kwa sababu hamu ya kuazima nayo ina utamu wake. Wengi wetu tulijifunza huzuni za mapenzi kwa filamu za Kihindi ambazo hatukuelewa hata neno moja. Ila ni vizuri kujua kwamba umeazima.

Mfano mzuri ni tawi la vepawevu linaloitwa mallsoft, linaloiga sauti ya muziki unaosikika ndani ya jengo kubwa la maduka, ukiwa umefifia kwa umbali na kuchanganyika na nyayo na minong'ono ya wateja. Albamu yake maarufu, Palm Mall ya Cat System Corp., ilitoka mwaka 2014. Kwa Mmarekani hayo ni maombolezo, kwani majengo mengi ya aina hiyo kwao yamefungwa na kuachwa matupu. Kwetu Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006 na hadi leo Jumamosi jioni unatafuta mahali pa kuegesha gari mpaka unakata tamaa. Niliwahi kuisikiliza albamu hiyo nikiwa nimekaa pale pale, nikimsubiri mtu aliyechelewa, na badala ya simanzi nilipata hisia ya kichekesho, kama mtu anayesomewa hitima akiwa amekaa mezani anakula pilau. Ni jambo la kufurahisha, lakini silo lililokusudiwa.

Ambienti haikuulizi ulikulia wapi. Sauti zake hazina anuani. Noti ndefu ya kinanda haikumbushi tangazo wala duka, na kila msikilizaji hujaza ya kwake. Hata inapozungumzia kupita kwa wakati, huzungumza kwa vitu vyenyewe. William Basinski, mwanamuziki wa New York, alikuwa mwaka 2001 akihamisha tepu zake za zamani kwenda kwenye mfumo wa dijiti akagundua kwamba unga wa sumaku unabanduka kila utepe unapopita kwenye kichwa cha mashine, hivyo muziki unakufa mbele yake huku ukirudiwa. Aliacha mashine iendelee kurekodi. Kipande cha kwanza kina zaidi ya saa moja, na unausikia wimbo mfupi ule ule ukichakaa mpaka unabaki mikwaruzo. Kila aliyewahi kuokoa kaseti iliyotafunwa, akiizungusha kwa kalamu ya bic na kujua kwamba pale ilipokunjika hapatarudi kama mwanzo, anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa chochote kuhusu Marekani.

Kuhusu usingizi sina mengi: ambienti, basi. Vepawevu ina tabia ya kukata ghafla katikati ya neno au kuingiza sauti ya mtangazaji wa bidhaa, na hakuna kinachoudhi kama kuzinduliwa saa saba usiku na tangazo la gari ambalo halitengenezwi tena. Kwa kazi ya kuandika au ya hesabu mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa ambienti ikizidi hulegeza mwili, wakati mdundo mzito wa vepawevu humshika mtu kwenye kiti. Na kwa msikilizaji wa Kiswahili, Kiingereza kilichovutwa namna ile hakimwingilii tena kama maneno.

Bando nalo lina sauti katika uchaguzi. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban MB 58 kwa saa, na wa kilobiti 320 hufika MB 144, hivyo mtu anayeacha ambienti icheze usiku kucha kwa saa nane kwa ubora wa juu atakuwa ametumia zaidi ya GB 1 akiwa amelala. Vepawevu nyingi hupatikana kama video, pamoja na picha za sanamu za Kigiriki na machweo ya waridi, na video hula zaidi hata kama simu umeifunika. Dawa ya yote mawili ni kupakua mapema mafaili ya sauti. Kwa vepawevu dawa hiyo ni ya lazima zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huo imetengenezwa kutokana na nyimbo za watu bila ruhusa, na albamu uliyoipenda mwezi huu inaweza kuwa imeondolewa mwezi ujao.

Anayetaka kuanza na ambienti aanze na ile ya viwanja vya ndege ya mwaka 1978, kisha aende kwa Hiroshi Yoshimura wa Japani, ambaye albamu yake Green ya mwaka 1986 ndiyo ninayoiona inafaa zaidi msimu wa masika, bati likiwa linalia juu na umeme umekatika, simu ikiwa na chaji ya kutosha saa moja. Anayetaka vepawevu aanze na Floral Shoppe, na asiporidhika baada ya nyimbo tatu aiache bila kujilaumu. Asiyetaka kuchagua atafute albamu ya mwaka 2015 ya kikundi cha 2814, Birth of a New Day, ambayo ina uzito na mwangwi wa vepawevu lakini inatembea kwa subira ya ambienti. Ni muziki wa jiji lenye mvua na taa, na nimewahi kuumaliza wote nikiwa kwenye foleni ya pantoni.

Mimi mwenyewe, kama ningelazimika kubaki na aina moja, ningebaki na ambienti, kwa sababu ya ile nyumba, ile feni na wale majirani. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo vepawevu inalo na ambienti haina: ni mbinu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Sisi tuna neno zilipendwa, na zilipendwa huchezwa redioni kama zilivyo, zikiwa nzima, ili watu waimbe pamoja. Siku moja nilichukua kaseti ya baba ya muziki wa dansi, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaifungua kwa programu ya bure ya kuhariri sauti na kuishusha hadi asilimia 75. Gitaa la kati, ambalo kwa mwendo wake halisi hulisikii kwa sababu ya tarumbeta, lilijitokeza na kuanza kuzungumza peke yake. Mkwaruzo wa utepe ukawa kama mawimbi ya Coco Beach bahari inapokuwa na upepo. Hakuna wimbo wa Kimarekani uliopunguzwa kasi ambao umewahi kunifanyia vile, kwa kuwa safari hii hamu ilikuwa yangu.

Niliicheza jioni, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Safari hii hakusema chochote kuhusu betri. Aliinua kichwa, akaanza kuuimba ule wimbo kwa kasi yake ya zamani, akaumaliza ubeti mzima na kiitikio chake, na mwimbaji kwenye spika alikuwa bado hajafika katikati.